Mkaguzi Asiyepiga Pasi

Mhariri alikuwa mtu mwema, na balaa lote lilianzia hapo. Mhariri mbaya angeutupa muswada kwa sentensi moja, mwandishi angesonya, angekwenda kubisha hodi kwingine. Huyu aliupenda. Aliupenda hata akamwita mwandishi ofisini kwake, akamkalisha kwenye kile kiti chenye mto, akamwambia kwa sauti ya mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa kwamba riwaya ni nzuri, nzuri mno, ila kuna kitu kimoja kidogo kinakosekana. Watu wa Mvuke hawamo.

Mwandishi alimkumbusha kwa adabu kwamba riwaya nzima inamhusu baba yake mzazi, na kwamba baba yake, babu yake na ukoo wote uliotangulia walikuwa Watu wa Mvuke, kama alivyo yeye mwenyewe aliyekaa pale kwenye mto. Mhariri alitabasamu kwa subira. Damu ipo, alisema, hilo hakatai. Ladha ndiyo haipo.

Watu wa Mvuke hawakujiita hivyo. Jina walibandikwa na mji, tangu enzi zile ambapo baadhi yao, baada ya kunyimwa kila kazi nyingine, walifungua vibanda vya kufua na kupiga pasi nguo za watu. Mji ukavaa mashati yaliyonyooka, ukawatazama walioyanyoosha, ukakata shauri kwamba hao wamezaliwa na pasi mkononi. Siku hizi wamo miongoni mwao madaktari wa meno, mafundi umeme, matapeli wawili watatu wa hali ya juu, na mama mmoja anayeendesha tingatinga la kubomoa majengo. Haisaidii kitu. Ukijitambulisha tu kwamba wewe ni wa kule, mtu anaitazama kola yake.

Baba wa mwandishi alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka sokoni na mkoba wa mawe ya kupimia, akaweka jiwe la kilo moja kwenye mizani ya muuza sukari, akasubiri ukweli ujitokeze wenyewe. Soko zima lilimchukia, na jambo hilo lilimfurahisha kimyakimya. Alikuwa mkali, bahili wa maneno, mpenzi wa mafumbo ya gazetini, na alichukia kupiga pasi kuliko alivyowachukia wezi. Mashati yake yalikuwa yamejikunja Jumatatu, na Ijumaa yalikuwa yamejikunja zaidi. Mkewe alinyoosha mikono mwaka wa kwanza wa ndoa.

Huyo ndiye mwandishi aliyekuwa amehangaika kwa miaka kumrudisha kwenye karatasi. Picha zake hazikuwa nyingi, maana alikataa kupigwa picha kama anavyokataa mtu kuchomwa sindano. Nguo zake ziligawiwa baada ya mazishi, na waliogawiwa walizipiga pasi. Mle ndani ya muswada ndimo alimobaki akiwa yeye, na ukali wake, na kikohozi chake cha kukujulisha kwamba hakubaliani nawe. Mwandishi alimpenda sana baba yake, na bado alimkosa kwa namna iliyomuuma hata akiwa kwenye foleni ya benki. Kwa hiyo mhariri alipoanza kusema "tukimwongezea baba kitu kidogo", mwandishi alijisogeza hadi ukingoni mwa kiti.

Kitu kidogo chenyewe kilikuwa kuamsha pasi. Wasomaji, mhariri alieleza, wanakitarajia. Kila mtu mwenye kusoma anajua kwamba Watu wa Mvuke, kabla ya kupiga pasi, huisalimu pasi, huinong'oneza majina ya marehemu wao, na mvuke wa kwanza ukipanda humwona aliyetangulia. Imo kwenye kitabu cha profesa, sura mbili. Imo kwenye vitabu vya shule. Mwandishi mwenyewe alipokuwa darasa la sita aliitwa mbele na mwalimu aoneshe wenzake jinsi kwao wanavyoamsha pasi, akalisalimu debe tupu la rangi kwa sababu shule haikuwa na pasi. Aliporudi nyumbani na kusimulia, baba alikaa kimya hadi chakula kikapoa, kisha akauliza kama lilicheka darasa zima au nusu tu. Alikuwa mkaguzi, alitaka kipimo.

Jambo ambalo profesa hakulijua, wala mwalimu, ni kwamba kuamsha pasi kulizaliwa alasiri moja jikoni kwa shangazi yake mwandishi. Shangazi, dada yake mdogo baba, alikuwa karani wa bima hadi kampuni ilipofunga milango. Mwandishi wa habari wa redio alimjia na mashine ya kurekodia, akitaka mila. Shangazi alimwambia kwamba hakuna mila yoyote kuhusu pasi, ni chuma kinachopata moto. Yule mtu hakuondoka. Alikunywa chai, akaomba nyingine, akasema angalau kitu kidogo. Na shangazi, aliyekuwa na mdomo mwepesi na kodi ya nyumba inayokaribia, alimpa kitu kidogo. Redio ikamwita tena, hoteli zikamwita awaoneshe wageni, profesa akaja na daftari. Umri wa mila hiyo kongwe ya Watu wa Mvuke ni mdogo kuliko wa friji ya shangazi.

Haya yote mwandishi aliyaandika katika sura ya saba, pamoja na chai zile, ila yule mama wa jikoni hakumtaja kwa jina wala kwa undugu. Na sasa mhariri, akiwa ameng'aa kwa furaha, alimpa habari ya kumtuliza. Nyumba yao ya vitabu ina utaratibu. Kitabu chochote kinachohusu jamii ndogo hupitiwa kwanza na msomaji wa jamii, mtu halisi, wa mila halisi. Akishatia saini, hata yeye mhariri hana ubavu wa kugeuza koma. Ndivyo wanavyoheshimu watu. Na kwa Watu wa Mvuke wamebahatika kumpata yule mama wa redioni.

Shangazi ndiye angeshika kalamu. Akitaka, angemfanya baba awe mpiga pasi anayezungumza na mizimu, na angeifuta sura ya saba ili riziki yake isiharibike, na yote hayo yangeitwa heshima.

Alikwenda kumwona kesho yake. Shangazi alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli, muswada mapajani. Rafu nzima nyuma yake ilijaa pasi: za mkaa, za shaba, ndogo za mapambo, moja ya kioo. Watu walikuwa hawampi zawadi nyingine. Nguo zake mwenyewe alikuwa akizipeleka kwa dobi wa mtaa wa pili, kijana wa jamii nyingine kabisa, ile ambayo mji unaamini wote ni waimbaji.

Mwandishi alimwamkia, akaketi, akasema lililomleta bila kuzunguka. Alimwomba asimguse baba. Sura ya saba angeweza kuiondoa kama inamchoma, wangeelewana, lakini baba amwache alivyo.

"Nimefika sura ya tano," shangazi alisema bila kuinua macho. "Usinitangulie."

"Shangazi, unajua wanachokitaka."

"Nakijua tangu hujazaliwa, mwanangu. Wewe unataka watu wakuelewe. Mimi nilitaka kulipa kodi. Wanakuja na kikapu kitupu, nawajazia, wanaondoka wameridhika. Nikiwaambia hakuna kitu, watajaziwa na mwingine, na huyo mwingine atasema tunakula sabuni."

Mwandishi aliondoka na hasira, maana jibu lilikuwa na akili na halikuwa na ahadi. Njiani aliwaza maneno mengi makali ya kumwambia, yote mazuri, yote yakiwa yamechelewa.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata katika chumba cha mikutano chenye meza ndefu na chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Shangazi aliingia akiwa kazini kamili: kitambaa cheupe kichwani kilichofungwa kwa mtindo alioubuni kwa ajili ya hoteli, na pasi ndogo ya shaba shingoni. Aliketi polepole kama mtu aliyekula chumvi nyingi, ingawa asubuhi ile ile alikuwa amekimbilia basi. Mhariri alisimama, akainama kidogo. Mwandishi, ambaye hakuna aliyewahi kumwinamia, alivuta kiti mwenyewe.

Mhariri alisema kwamba amejaribu kuandika ukurasa mmoja, kama mfano tu, ili wote waone kitabu kinaweza kufika wapi. Ulikuwa wa hospitalini, karibu na mwisho. Akakohoa, akausoma kwa sauti ya kuigiza. Mzee amelala kitandani. Anamwomba binti yake amletee pasi yake ya zamani. Binti analia. Mzee anaikumbatia pasi, anaibusu, anaiita mama, na mvuke unapanda kutoka kusikojulikana, kwa sababu wodini hakuna hata moto, na ndani ya mvuke wanatokea wahenga wote wakiwa wamevaa nguo nyeupe zilizonyooka. Mzee anacheka kama mtoto. Kwa maneno yake ya mwisho anasema, "Sisi tu watu wa kawaida, kazi yetu ni kuunyoosha ulimwengu."

Mhariri aliweka karatasi mezani. Macho yake yalikuwa yamelowa. Alikuwa amejiliza mwenyewe.

Mwandishi alimwona baba na shati lake lililojikunja akilazimishwa kubusu chuma mbele ya watu, na hana pa kukimbilia, kwa sababu amekufa.

"Huyo anayebusu pasi ni nani?" shangazi aliuliza.

"Ni baba wa kwenye riwaya, mama," mhariri alijibu.

"Ni kaka yako, shangazi," mwandishi alisema.

Mhariri alitazama huku na huku, akashika kifua. Hakujua kwamba wao ni ndugu. Hii, alisema, ni baraka juu ya baraka; hii lazima iandikwe nyuma ya jalada.

Shangazi alikuwa hasikii. Aliutazama ule ukurasa kwa muda, kisha akafumba macho, na alipoyafumbua alikuwa na sauti ile ya redioni, nzito, inayotoka mbali.

"Kwetu kuna mwiko," alisema. "Habari za marehemu zikishaandikwa na mtoto wake wa kumzaa, mkono mwingine hauzigusi. Haziongezwi, hazipunguzwi. Anayezigusa huvimba mikono. Huanzia vidoleni."

Mhariri aliuondoa mkono wake juu ya karatasi. Aliuliza kwa kunong'ona kama mwiko huo una jina. Shangazi alisema unalo, ila halitajwi mchana. Mhariri aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa na kuanza kujikuna kidole gumba.

Hapo mwandishi angeweza kunyamaza, na mtu yeyote mwenye akili timamu angenyamaza. Kitabu kilikuwa kimepona. Lakini alikuwa binti wa mtu ambaye aliwahi kumfungia duka shemeji yake mwenyewe kwa jiwe lililochongwa chini, na aliona kwamba baba anaokolewa kwa mizani mbovu. Alisimama.

"Hakuna mwiko wowote," alisema. "Shangazi ameubuni hapa hapa tulipokaa, kama alivyobuni kuamsha pasi. Sura ya saba inaeleza kila kitu. Baba yangu hakuzungumza na pasi. Hata na watu alikuwa hazungumzi. Kitabu kitoke kama kilivyo kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na kama sababu hiyo haitoshi, nirudishie niondoke."

Shangazi alimtazama mpwa wake, kisha akavua kitambaa, akakikunja, akakiweka mezani. Nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja.

"Mtoto anasema kweli," alisema kwa sauti yake ya kikarani. "Nilivibuni vyote. Vingine nikiwa nakatakata vitunguu."

Mwandishi alisubiri dari idondoke. Alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu lile debe la rangi. Mhariri aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na uso wake ukajaa heshima ya kutisha.

"Naelewa," alisema polepole. "Mnalinda. Bila shaka mnalinda. Nilipoisoma sura ya saba nilihisi kabisa kwamba ni pazia. Watu wa namna yenu hamwezi kumwaga siri zenu mbele ya mgeni. Msiseme zaidi, tafadhali. Sitagusa hata neno."

Shangazi aliomba kalamu, akatia saini, akaandika tarehe chini yake kwa mwandiko mzuri wa watu wa bima. Mhariri aliusukumia muswada ndani ya bahasha kwa rula, asiuguse.

Kwenye ngazi mwandishi alilipuka. Alisema kabla ya mwaka kuisha profesa atakuwa na sura ya tatu, ya mikono iliyovimba, na mtoto fulani darasa la sita ataitwa mbele aoneshe anavyovimba. Alisema ameshinda kama mtu aliyeachiwa na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine. Shangazi alishuka ngazi kwa ngazi, akishikilia ukuta, na safari hii hakuwa anaigiza.

"Nilisikia kaka yangu anabusishwa pasi," alisema. "Nikashika kilichokuwa karibu."

Kitabu kilitoka. Ndani hakikuguswa, hata makosa mawili ya chapa ambayo mwandishi mwenyewe aliomba yarekebishwe. Mhariri alimjibu kwa upole kwamba hawezi kuhatarisha mikono ya wapiga chapa. Jalada, kwa bahati mbaya, shangazi alisahau kuliwekea mwiko. Lilikuja na pasi kubwa ya mkaa, na mvuke, na ndani ya mvuke uso wa mzee asiyefanana na mtu yeyote. Mhakiki mmoja wa gazeti alimsifu mwandishi kwa ujasiri wa kuificha pasi katika kurasa zote mia mbili kiasi kwamba msomaji anaiona kila mahali. Mwingine alilalamika kwamba mizani imezidi.

Lakini kuna watu walikisoma. Katika maktaba ya mji, mwandishi aliposoma kurasa chache mbele ya viti ambavyo vingi havikuwa na mtu, dereva mmoja wa treni alisimama nyuma kabisa. Alisema yeye ni wa wale wanaosemwa kwamba wana mkono mrefu, na kila akiingia dukani muuzaji humfuata nyuma kana kwamba anamsindikiza. Alinunua kitabu kwa ajili ya picha ya pasi, alikiri, apate kucheka kidogo watu wengine wakichekwa. Alipofika pale mkaguzi anapokula chakula cha jioni bila kusema neno, na familia nzima inajua kwamba amefurahi, alikifunga akaenda kumpigia simu baba yake. Kisha akaketi, maana hakuwa na swali. Mwandishi alitoka mle amesimama wima kuliko alivyoingia.

Shangazi hakusema lolote kuhusu kitabu. Wiki zilipita. Mwandishi alidhani amekasirikia sura ya saba, akavumilia, mwishowe uvumilivu ukamwishia, akaenda kwake alasiri moja na mkate wa kuombea radhi.

Alimkuta mezani jikoni, kitabu kimefunguliwa ukurasa wa mwisho na kikombe kimewekwa juu yake kisijifunge. Macho yalikuwa yamevimba. Alipotia saini siku ile, alisema, alikuwa hajavuka sura ya saba. Ya mwisho aliiogopa, na leo ndipo alipopata moyo. Siku kaka yake alipokufa yeye alikuwa hotelini, jukwaani, akiwaamshia pasi wageni waliokuwa wakila, simu ikiwa imezimwa ili isiharibu mila. Msiba aliukuta umekwisha kupangwa, viti vimekwisha kuwekwa, akaingia jikoni kusaidia kugawa sahani, na baada ya hapo watu hawakumpa nafasi ya kulia kwa sababu walimtaka awaambie Watu wa Mvuke huwa wanazikaje.

"Hapa umeandika aliniulizia," alisema.

"Aliuliza, shangazi. Alisema, 'Mdogo wangu yuko wapi?' Nikamwambia uko kazini."

"Naye akasema nini?"

"Kama ilivyo hapo. Alisema, 'Mwacheni afanye kazi.'"

Shangazi alipitisha kidole juu ya mstari ule, akaurudia, na mdomo wake ukacheza. Mwandishi alivuta kiti akakaa karibu naye, mkate ukiwa bado kwenye mfuko.

Simu ikaita. Shangazi aliiacha iite, kisha akaipokea na kuiweka mezani kipaza sauti kikiwa wazi, kwa mazoea. Ilikuwa redio. Kijana mchangamfu alisema wamesikia habari za mwiko wa mikono kuvimba, kila mtu anauzungumzia, na wangependa kuzungumza moja kwa moja hewani na yule mama wa mila.

"Hayupo," shangazi alisema.

Kijana aliuliza atarudi lini, maana kipindi kinaanza sasa hivi na hawana mtu mwingine.

"Sijui," shangazi alisema, na machozi yakaanza kumtiririka waziwazi. "Amefiwa na kaka yake."